Mwanamke aliyevaa kiume husikilizwa, mwanamume aliyevaa kike hupigwa: ramsa za Mwamko wa Ulaya zina mantiki gani?

Mwanamaleba aliandika:

Salaam kwenu nyote. Kikundi chetu cha sanaa za maonyesho kinaandaa onyesho la jioni moja lenye vipande viwili vya Shakespeare kwa Kiswahili. Cha kwanza ni kesi ya mahakamani kutoka Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, ambamo Portia anaingia amevaa kama mwanasheria wa kiume na kumnusuru Antonio, rafiki wa mumewe Bassanio, na kisu cha mkopeshaji Shylock. Cha pili kinatoka katika The Merry Wives of Windsor, ile tamthilia iliyoigizwa kwa Kiswahili katika jumba la Globe jijini London mwaka 2012 kwa jina la Wanawake wa Heri wa Winsa, Mrisho Mpoto akicheza kama Falstaff, bwana anayewanyemelea wake za watu. Hapo tumechukua sehemu ambayo Falstaff anavishwa gauni na mtandio wa bibi mnene wa Brentford ili apite mlangoni bila kutambuliwa na Ford, mwenye nyumba aliyejaa wivu, na anaishia kucharazwa bakora.

Mabishano yalianza mara tulipovifanyia mazoezi vipande hivi siku moja. Portia akiwa katika mavazi ya kiume anasikilizwa na Mtawala wa Venisi, anasifiwa hata na Shylock kabla hukumu haijamgeukia, na hakuna mtu mahakamani anayemtilia shaka, mume wake akiwemo. Falstaff akiwa katika mavazi ya kike hapati hata nafasi ya kujitetea. Mwenzetu mmoja anaona jambo hili halihitaji maelezo marefu: katika jamii iliyomweka mwanamume juu, mwanamke akivaa kiume amejipandisha cheo na mwanamume akivaa kike amejishusha, kwa hiyo wa kwanza atashangiliwa na wa pili atachekwa. Mwingine anapinga kwa hoja kwamba cheo hicho ni cha kuazima tu, maana Portia, Rosalind wa As You Like It na Viola wa Twelfth Night wote wanaishia katika ndoa, na kila kitu kinarudi kilipokuwa.

Naomba msaada wa wenye ujuzi wa ramsa, yaani tamthilia za kuchekesha, za kipindi kile cha karne ya 16 na 17, si za Shakespeare peke yake. Je, maelezo ya mwenzetu wa kwanza yanatosha? Na je, ndoa ya mwishoni inafuta kweli yale ambayo mwanamke aliyatenda akiwa katika mavazi ya kiume? Hili la pili lina uzito kwetu kwa sababu ya kazi iliyo mbele yetu: kesi ikiisha, hatujaamua kama Portia atoke jukwaani akiwa bado mwanasheria au tutafute namna ya kumrudisha katika gauni lake.

Mwalimu Mstaafu alijibu:

Ndugu Mwanamaleba, nianze na Falstaff, kwa kuwa naona ndiye aliyesomwa kwa haraka. Tazameni vizuri ni nani anayepigwa na Ford. Ford hajui kwamba ndani ya gauni lile yumo mwanamume. Angejua, fumanizi analolitafuta tangu mwanzo lingekuwa limetimia pale pale. Anayempiga, kwa ufahamu wake mwenyewe, ni bibi mzee, shangazi wa mtumishi wake wa ndani, ambaye amekwisha kumpiga marufuku nyumbani kwake kwa kumwona mchawi na mpiga ramli. Bakora zile zilikusudiwa mwili wa mwanamke mzee asiye na mtetezi, na Falstaff anazipata kwa sababu tu ameingia katika nguo zake. Hata kasisi, Sir Hugh Evans, anapoziona ndevu chini ya mtandio, hakisii kwamba huyu ni mwanamume. Anachosema ni kwamba mwanamke mwenye ndevu kubwa namna ile lazima awe mchawi kweli.

Mkilikubali hilo, mtaona kwamba vipande vyenu viwili vinasema jambo moja. Mtu anatendewa kama zinavyotendewa nguo alizovaa. Portia anapata usikivu ambao jamii ilimwekea mwanamume msomi, na Falstaff anapata kipigo ambacho Windsor ilimwekea bibi anayeshukiwa uchawi. Akili ya Portia haikuzaliwa na joho. Ilikuwapo nyumbani kwake Belmont tangu tendo la kwanza, alipokuwa akiwachambua wachumba wake mmoja baada ya mwingine kwa maneno makali, ila wakati ule aliyemsikiliza alikuwa msaidizi wake Nerissa peke yake. Kwa hiyo mwenzenu wa kwanza amesema kweli kuhusu ngazi ya kijamii, lakini ameiweka mahali pasipo pake: kinachoonyeshwa si kwamba mtu fulani amepanda au ameshuka, bali kwamba ngazi yenyewe ilishonwa katika kitambaa.

Na kitambaa kilikuwa jambo la serikali. Matangazo ya kifalme ya Uingereza, likiwemo la mwaka 1574, yalieleza nani aruhusiwe kuvaa hariri, mahameli au nyuzi za dhahabu kulingana na cheo na kipato, na sheria hizo hazikuondolewa mpaka mwaka 1604. Jukwaani, hata hivyo, mtu asiye na cheo alivaa kama mkuu wa nchi. Msafiri wa Uswisi, Thomas Platter, aliyekuwa London mwaka 1599, aliandika kwamba mabwana wakubwa walipofariki waliwarithisha watumishi wao nguo nzuri, na watumishi hao, kwa kuwa haikuwafaa wao kuzivaa, waliziuza kwa waigizaji. Watazamaji waliokwenda kumwona Portia walikuwa wamezoea kuisoma nguo kabla ya kuusoma uso.

Kuhusu sheria ya ndoa, usomeni ukurasa ambao Portia anampa Bassanio pete. Anasema kwamba muda mfupi uliopita alikuwa bwana wa jumba lile, mkuu wa watumishi wale, malkia wa nafsi yake, na kwamba sasa jumba, watumishi na yeye mwenyewe ni mali ya Bassanio. Hayo hayakuwa maneno ya mahaba tu. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, mali ya mwanamke inayohamishika ilikuwa ya mume mara ndoa ilipofungwa, na ardhi yake ikawa chini ya usimamizi wa mume. Hata kabla ya hapo Portia hakuwa huru kabisa, kwa kuwa wosia wa marehemu baba yake ulimlazimisha kuolewa na yeyote atakayechagua kasha lililo sahihi kati ya matatu. Kujigeuza kwake mwanasheria kunakuja baada tu ya kukabidhi kila kitu. Mamlaka aliyoyatoa kama mke, siku chache baadaye anayatumia kama mwanamume, tena mbele ya mtu yule yule aliyempa.

Neno la mwisho kuhusu heshima: waandishi hawa walimtafutia mwanamke udhuru. Viola amevunjikiwa na merikebu na hana ndugu, Rosalind amefukuzwa na baba yake mdogo, Portia anakwenda kuokoa maisha ya rafiki wa mumewe. Falstaff kwa upande wake aliwaandikia wake wawili wa watu barua za mapenzi zinazofanana neno kwa neno, akitumaini kufikia mifuko ya waume zao. Naamini tofauti ya nia inachangia sana katika kicheko.

Kinanda alijibu:

Shikamoo, Mwalimu. Kuhusu bakora za Ford sina la kuongeza. Umenifanya nimwone yule bibi wa Brentford, ambaye hajawahi hata kukanyaga jukwaani. Nitakataa lile la udhuru. Ukiivuka mipaka ya Uingereza utawakuta wanawake waliojigeuza bila dharura yoyote ya kuokoa maisha, na hadhira iliwapenda zaidi.

Chukueni Don Gil de las calzas verdes ya Tirso de Molina, iliyoigizwa Toledo mwaka 1615. Doña Juana ameachwa na Don Martín, aliyekwenda Madrid kumposa msichana tajiri kwa kutumia jina la uongo la Don Gil. Juana anamfuata, anavaa suruali za kijani kibichi na kulichukua jina lile lile. Haokoi mtu. Anamwandama mwanamume mmoja kwa werevu uliopitiliza, anamfanya mchumba yule tajiri ampende yeye, kisha anajigeuza tena kuwa mwanamke mwingine aitwaye Elvira, hadi mwishoni jukwaa linajaa akina Don Gil wa kijani, Don Martín anadhani anaandamwa na mzimu, na mwandishi mwenyewe anaonekana kupata shida kuwahesabu. Udhuru uko wapi hapo? Juana anaufurahia mchezo, na anaushinda.

Hispania inafaa katika swali hili kwa sababu nyingine pia. Madrid iliwaruhusu wanawake kuigiza kuanzia mwaka 1587. Lope de Vega, katika risala yake ya mashairi ya mwaka 1609 kuhusu uandishi wa tamthilia, aliwaambia waandishi wenzake bila kuficha kwamba mwanamke kujigeuza mwanamume ni jambo linalopendeza sana watazamaji. Kwa nini lilipendeza? Sehemu ya jibu ni suruali yenyewe: katika nchi ambako gauni lilifika sakafuni, miguu ya mwigizaji wa kike ilionekana. Wakuu wa serikali walilijua hilo na walitoa maagizo ya kulikataza zaidi ya mara moja, na kule kurudiarudia kwa maagizo kunaonyesha jinsi yalivyopuuzwa. Kwa hiyo tusiseme kwamba mwanamke aliyevaa kiume aliheshimiwa tu. Aliheshimiwa na wahusika wenzake ndani ya hadithi, na wakati huo huo alikodolewa macho na watu waliolipa kiingilio.

Kabla ya Hispania ilikuwapo Italia. Mwaka 1532 wanachama wa chama cha wasomi cha Siena kilichoitwa Intronati waliigiza Gl'ingannati, ambamo Lelia anavaa kama kijana na kumtumikia Flamminio anayempenda, anatumwa kupeleka maneno ya mahaba kwa Isabella, na Isabella anampenda mjumbe badala ya bwana. Yeyote aliyesoma Twelfth Night atautambua mtiririko huo, pacha wa kiume anayetokea mwishoni akiwemo. Lelia ana ujasiri ambao Viola hana: yeye alijua tangu mwanzo anakwenda kumpokonya nani. Viola hujikabidhi kwa wakati uufungue uzi uliojikunja, Lelia angeukata.

Nije kwenye jambo ambalo naona limeachwa. Heshima ya Portia ina sharti moja, nalo ni kwamba asijulikane. Mwaka 1611 Middleton na Dekker walichapisha The Roaring Girl, tamthilia ya jumba la Fortune kuhusu Moll Cutpurse, mwanamke anayevaa kiume hadharani, akiwa na upanga, na kila mtu akijua yeye ni mwanamke. Moll hajigeuzi chochote, na mwishoni anakataa kuolewa. Alitokana na mtu halisi, Mary Frith, ambaye mwanzoni mwa mwaka 1612 alifikishwa mbele ya mahakama ya kanisa jijini London na kukiri, pamoja na mengine, kwamba alikaa jukwaani Fortune mbele ya watu wote akiwa na mavazi ya kiume na kuimba huku akipiga kinanda cha nyuzi. (Jina langu la hapa halitokani naye, ingawa ningependa.) Wanawake wengine waliokamatwa wakiwa wamevaa kiume walipelekwa katika nyumba ya adhabu ya Bridewell. Jukwaani Portia alipigiwa makofi; barabarani nje ya jumba, mwanamke aliyevaa kama yeye aliitwa malaya. Na katika Mabepari wa Venisi hiyo hiyo yumo Jessica, anayetoroka kwa baba yake akiwa amevaa kama kijana wa kiume na kuona haya mpaka anashukuru kwamba ni usiku, halafu Lorenzo anamtaka ashike mwenge. Mwanasheria na kijana wa kubeba mwenge wamo katika tamthilia moja; mkimwangalia Portia peke yake mtadhani kujigeuza kulikuwa sherehe tupu.

Mwanamaleba aliandika:

Nawashukuru sana, Mwalimu na Kinanda. Tayari nimemwambia mwigizaji wetu wa Ford apige kama anayempiga mwanamke, wala asiwakonyeze watazamaji, na mazoezi yamebadilika sura. Baadhi ya wenzetu waliacha kucheka katikati, kisha wakarudia kucheka kwa namna nyingine.

Limebaki suala la wavulana. Wanawake hawakuruhusiwa kuigiza katika makundi ya kulipwa ya London, kwa hiyo Portia wa kwanza alikuwa kijana wa kiume aliyeigiza mwanamke aliyeigiza mwanamume. Mwenzetu mmoja anasisitiza kwamba hapo ndipo utamu wote ulipokuwa, na kwamba sisi tunaompa mwanamke nafasi ya Portia tumekwisha kuupoteza. Watazamaji wa wakati ule walimwona mvulana, au walimwona Portia?

Karani wa Nyaraka alijibu:

Nimekuwa nikifuatilia mada hii kimya kimya, lakini swali hili lina ushahidi, na ni vema uletwe.

Wavulana wale walikuwa wanagenzi. Waigizaji hawakuwa na chama chao cha ufundi, kwa hiyo mwigizaji aliyekuwa mwanachama wa chama kingine alimsajili mvulana huko: John Heminges, mwenzake Shakespeare, alikuwa mwanachama wa chama cha wauza vyakula, na chini ya chama hicho aliwasajili wavulana waliojifunza kuigiza. Kundi moja lilikuwa na wavulana wachache tu wenye uwezo, ndiyo sababu tamthilia za Shakespeare zina nafasi tatu au nne kubwa za kike kwa wingi wake. Sauti ilipovunjika, kijana alihamia nafasi za kiume au aliacha kazi.

Je, walionekana? Tarehe 2 Februari 1602, mwanafunzi wa sheria aitwaye John Manningham aliiona Twelfth Night katika ukumbi wa Middle Temple na kuandika katika shajara yake. Aliilinganisha na Menaechmi, ramsa ya kale ya Mrumi Plautus, na tamthilia moja ya Kitaliano, kisha akasimulia kwa furaha jinsi msimamizi wa nyumba alivyodanganywa kwa barua akaamini kwamba bibi yake anampenda. Kuhusu Viola na mavazi yake hakuandika hata neno moja. Mwaka 1610 Henry Jackson wa Oxford aliiona Othello, ambayo si ramsa lakini inafaa hapa, na katika barua ya Kilatini alieleza jinsi Desdemona, akiwa amelala amekufa kitandani, alivyowaomba watazamaji huruma kwa uso wake tu. Mvulana hatajwi; anayetajwa ni mwanamke aliyeuawa na mumewe. Na mwaka 1608 Thomas Coryat alipowaona wanawake wakiigiza Venisi, alistaajabu kwamba walifanya kazi hiyo kwa ustadi ule ule aliouzoea kwa wanaume. Kwake yeye kipimo cha uigizaji wa mwanamke kilikuwa mwanamume! Londoni yenyewe haikuharakisha kubadilika: kundi la Wafaransa lililoleta waigizaji wa kike katika jumba la Blackfriars mwaka 1629 lilizomewa.

Upande wa pili wanasimama maadui wa jukwaa, ambao walimwona mvulana na hawakuona kingine. Stephen Gosson mwaka 1582, John Rainolds mwaka 1599 na William Prynne katika Histriomastix ya mwaka 1633 wote walisimama juu ya Kumbukumbu la Torati 22:5, mahali ambapo mwanamume na mwanamke wanakatazwa kuvaliana mavazi. Rainolds alihofia kwamba mvulana aliyevaa kike angewasha tamaa katika mioyo ya wanaume wanaomtazama. Prynne alikatwa masikio, ingawa kosa lake kubwa machoni pa wakuu lilikuwa kuwatukana waigizaji wa kike wakati ambapo malkia mwenyewe alikuwa akiigiza katika kasri. Mwandishi wa tamthilia Ben Jonson aliwajibu watu wa namna hii kwa dhihaka katika Bartholomew Fair ya mwaka 1614: Mpuritani, yaani Mkristo wa msimamo mkali, anambishia kikaragosi kwa kutumia aya ile ile, na kikaragosi kinainua nguo yake kuonyesha kwamba hakina jinsia yoyote.

Maoni yangu ni kwamba mtazamaji alisahau pale mwandishi alipotaka asahau, na alikumbushwa pale mwandishi alipotaka akumbuke. Katika Twelfth Night, Orsino, bwana anayetumikiwa na Viola, anamwambia Viola, akimdhania kijana, kwamba midomo yake ni laini na sauti yake nyembamba kama ya msichana, na kwamba kila kitu chake kinafaa nafasi ya mwanamke. Hapo mwigizaji mvulana anamulikwa kwa sekunde chache, kisha anaachwa. Rosalind anapomalizia As You Like It anawaambia watazamaji kwamba kama angekuwa mwanamke angewabusu wale ambao ndevu zao zinampendeza, na kwa maneno hayo anaivua nafasi yake mbele yao. Jonson alikwenda mbali zaidi. Katika Epicoene ya mwaka 1609, Morose, mzee anayechukia kelele, anaoa mwanamke mkimya ambaye akishaolewa hanyamazi, na mwishoni mpwa wake anavua wigi la bibi harusi na kuonyesha mvulana. Watazamaji hawakuwa wameambiwa. Kanuni waliyoizoea, kwamba mvulana aliyevaa kike ni mwanamke, ilitumika kuwanasa wao wenyewe. Shakespeare hakuwahi kuwafanyia watazamaji wake hila hiyo. Kwake sisi tunajua daima, na raha yetu inatokana na kujua.

Kwa hiyo kumpa mwanamke nafasi ya Portia hakuondoi kila kitu. Kunaondoa tabaka moja ambalo, katika Mabepari wa Venisi, mwandishi hakulitumia sana kulinganisha na As You Like It. Kama mngekuwa mnaigiza Gallathea ya John Lyly, ningesema vingine. Hapo wasichana wawili wanavishwa kiume na baba zao ili wasitolewe sadaka kwa Neptune, wanapendana kila mmoja akidhani mwenzake ni mvulana, kisha wakijua ukweli wanaendelea kupendana, na Venus anaahidi kumgeuza mmoja wao kuwa mwanamume kwenye mlango wa kanisa bila kutuambia ni nani. Tamthilia ile iliigizwa na wavulana peke yao wa shule ya kwaya ya kanisa la Mtakatifu Paulo, na bila wavulana inahitaji kufikiriwa upya kabisa.

Mwalimu Mstaafu alijibu:

Karani ametufaa sana. Nimalizie suala la gauni la mwisho, maana ndilo Mwanamaleba analolihitaji kabla ya pazia kufunguliwa.

Ndoa haifuti mambo kwa namna moja katika tamthilia zote. Rosalind anarudi jukwaani amevaa kike, akiongozwa na Hymen, mungu wa ndoa. Viola harudi kabisa. Nguo zake za kike ziko kwa nahodha aliyemwokoa, nahodha huyo amefungwa kwa madai ya Malvolio, yule msimamizi wa nyumba, na Malvolio ametoka jukwaani akiapa kulipiza kisasi kwa wote. Orsino anamposa akiwa bado katika mavazi ya kijana na anaendelea kumwita Cesario, jina lake la kiume. Mwandishi angeweza kuzileta nguo zile kwa mstari mmoja tu. Alichagua kuzifungia mbali. Kwa Portia, ushauri wangu ni kwamba mkiigiza mahakama peke yake mwacheni atoke akiwa mwanasheria. Kumvua kwa haraka ili watazamaji waridhike kwamba ni mwanamke ni kuwadharau. Wamejua muda wote.

Kinanda alijibu:

Mwalimu, kwa heshima zote, hapo ndipo tunapoachana. Mkiishia mahakamani mtakuwa mmeunga mkono kwamba mamlaka yalikuwa ya joho. Tendo la tano linasema kinyume. Portia amerudi Belmont katika nguo zake, na ndipo anapomshikisha Bassanio adabu kwa kumwonyesha pete iliyopaswa kuwa kidoleni mwake, ambayo Bassanio alimpa mwanasheria bila kujua kwamba ni mkewe, akidai kwanza kwamba alilala na mwanasheria ili aipate. Ndiye anayempa Antonio habari kwamba merikebu zake tatu zimefika bandarini, na anapomkabidhi barua anasema wazi kwamba hawatajua aliipataje. Mwanasheria amekwisha kuondoka, lakini wanaume wote wawili bado wanasimama wakisubiri kuambiwa la kufanya. Ongezeni dakika tano za pete, Portia akiwa katika gauni. Kama muda hautoshi, punguzeni hotuba ya Portia kuhusu rehema. Kila mtu anaijua.

Mwalimu Mstaafu alijibu:

Dakika tano za pete nazikubali, na hoja yako kuhusu tendo la tano ni nzito kuliko ushauri nilioutoa. Hotuba ya rehema isiguswe. Kama lazima kitu kipunguzwe, punguzeni kejeli za Gratiano, mume wa Nerissa, dhidi ya Shylock, ambazo ni nyingi na hazimsaidii mtu yeyote, ila mwachieni mstari mmoja: ule anaosema angetamani mke wake awe mbinguni akaombe nguvu za huko zimbadilishe Shylock. Nerissa amesimama palepale amevaa kama karani, na anausikia.